Uzoefu wangu na kifaa cha kupashia joto kabini ya ndege niliyoiunda mwenyewe

Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi kila unapopanda futi 1,000, na rubani aliyekufa ganzi vidole hawezi kushika swichi na redio kwa uhakika. Kwa sababu hiyo nilinunua gamba jipya la kupashia hewa, la chuma kisichoshika kutu, ambalo hufungwa kuzunguka bomba la ekzosi. Hewa baridi huingia upande mmoja, hupita juu ya bomba la moto, kisha hupelekwa kwa hosipaipu hadi kwenye vali iliyofungwa katika ukuta unaotenganisha injini na kabini.

Kifaa kimeniridhisha. Gamba langu la zamani lilikuwa tupu ndani, hivyo hewa ilipita haraka mno bila kushika joto la kutosha. Hili jipya lina springi ndefu inayozungushwa juu ya bomba, nayo huivuruga hewa na kuichelewesha kidogo, na tofauti yake niliihisi miguuni mara tu nilipofungua vali. Sikuipenda vali ya alumini iliyokuja na gamba hilo, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na moto ukizuka upande wa injini, tundu la vali ndilo litakalokuwa njia yake ya kumfikia rubani. Nimeweka ya chuma, ambayo rubani akiifunga humwaga hewa ya moto nje badala ya kuiacha ituame ndani ya gamba.

Hata hivyo, anayetarajia gamba pekee limalize baridi atavunjika moyo. Kwangu, miguu ilipata joto huku mgongo ukiendelea kuganda, kwani upepo ulipenya pale vyuma vya usukani vinapoelekea kwenye mabawa na kwenye kingo za kifuniko cha kioo. Niliziba kingo kwa mpira laini, na matundu ya vyuma nikayavika mifuko ya ngozi inayocheza navyo bila kuvikwaza. Kisha nikaipa hewa njia ndogo ya kutokea nyuma ya viti, kwa maana kabini isiyotoa hewa haiwezi kupokea nyingine, hata vali ikifunguliwa yote. Hapo ndipo joto lilipofika mabegani.

Lawama yangu kubwa ni kwa kijitabu cha maelekezo, ambacho hakikusisitiza hatari ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa injini. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ufa mwembamba kwenye ekzosi, ukiwa umefichwa na gamba, unatosha kuiingiza kabini. Ninakipendekeza kifaa hiki kwa yeyote aliye tayari kulivua gamba katika kila ukaguzi wa mwaka, kulichunguza bomba kwa tochi hasa penye maungio, na kuruka akiwa na kitambuzi cha gesi chenye king'ora.