Mhamasishaji wa Afya Mtaani Lamu: Presha Hupimwa, Upweke Je?

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kibao mlangoni. Ni ya mhamasishaji wa afya ya jamii anayezunguka mtaani kwetu Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, na ambaye kwa muda sasa amekuwa akimhudumia shangazi yangu, mjane mwenye sukari na presha. Huduma ni ya bure. Katika vipimo nimeridhika. Katika kumrudisha mgonjwa kwa watu nimeridhika zaidi, ila hilo la pili mhudumu wetu analifanya kwa hiari yake, nje ya kazi aliyopangiwa, na naona si haki liendelee hivyo.

Mpango wa wahamasishaji hawa ulizinduliwa upya na serikali ya Kenya Septemba 2023, pale wahamasishaji zaidi ya 100,000 kote nchini walipokabidhiwa mabegi yenye mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia utapiamlo wa watoto, pamoja na simu ya kuingizia taarifa. Kila mmoja hukabidhiwa kaya zipatazo 100. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wengi mtaani bado wanawaita mavolantia, na kwa malipo hayo si rahisi kuwakosoa.

Mhudumu wetu ana adabu ya kazi ambayo ningetamani kuiona katika vyumba vingi vya daktari. Hupiga hodi akiwa dakani, ukumbi mdogo wa mlango wa mbele, na hukaa hapo hapo mpaka aitikiwe. Akishapanda, hafungui begi kwanza. Humwacha shangazi atulie kitini, miguu chini, mkono juu ya mto, kisha ndipo amfunge mkanda wa presha, na wakati mashine inapovuta pumzi huwaomba waliomo chumbani wanyamaze. Namba ikitoka humweleza maana yake kwa lugha ya kawaida na kuilinganisha na ya safari iliyopita. Kasoro niliyoiona hapa ni moja: vijikaratasi vya kupimia sukari huisha, na vikiisha mgonjwa huambiwa asubiri au aende akapimwe kwingine.

Siku moja, baada ya vipimo, alimuuliza shangazi swali ambalo halimo katika simu yake.

"Bi mkubwa, nje ya hawa wa humu nyumbani, wiki hii umeonana na nani?"

"Wewe, mwanangu."

Anayezijua nyumba za mawe za Lamu hatashangaa. Vyumba vya kuishi viko juu, ngazi ni nyembamba na za kusimama, na mwenye magoti mabovu akishapanda hushuka kwa dharura tu. Zamani wanawake waliweza kutembeleana juu kwa juu, kupitia milango ya ndani na mawikio yanayovuka vichochoro, bila kukanyaga chini. Mlango wa namna hiyo katika nyumba ya shangazi umezibwa tangu nyumba ya jirani iuzwe kwa mgeni anayekuja msimu wa likizo. Wazee wa kiume wana baraza. Hata mwenye mkongojo atakokotwa hadi pale, apate kahawa na habari za mji. Mjane aliye ghorofani hana wa kumkokota. Hili si jambo la kupuuzwa kitabibu: tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii ilieleza katika ripoti yake ya Juni 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anakabiliwa na upweke, na kwamba vifo vinavyohusishwa nao vinakadiriwa kuwa takriban 871,000 kwa mwaka.

Mhudumu hakumpa shangazi nasaha ya "jitahidi utoke," ambayo sisi wa nyumbani tulikuwa tumeirudia hadi ikapoteza ladha. Alimuuliza alipokuwa msichana alikuwa akipenda kufanya nini. Shangazi akataja ukili. Basi mhudumu akaenda kuzungumza na kina mama wanaokutana baada ya alasiri katika daka la nyumba moja, mitaa michache kutoka kwetu, kusuka ukili na kuchangishana fedha zao za chama. Akahakikisha kuna kiti chenye mgongo, akampangia binti wa jirani kumshika mkono kwenye ngazi, na siku ya kwanza akamsindikiza mwenyewe, akakaa naye mpaka mazungumzo yalipokolea. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama amekwenda tena. Leo shangazi hukasirika binti akichelewa. Sidai kwamba sukari yake imeshuka kwa sababu ya ukili, ila dawa za jioni hazisahauliki tena, kwa kuwa wenzake nao wanazo za kwao na huulizana.

Nchini Uingereza kazi kama hii ina cheo na mshahara. Kituo cha Bromley by Bow, mashariki mwa London, kilichoanza 1984, kilitangulia kwa kuweka zahanati, bustani na shughuli za sanaa mahali pamoja. Kisha mpango wa muda mrefu wa huduma ya taifa ya afya, NHS, uliotolewa Januari 2019, ukaahidi wahudumu waunganishi zaidi ya 1,000 wa kufanya kazi bega kwa bega na madaktari wa mitaani. Daktari akiona kwamba kinachomsumbua mgonjwa ni upweke, madeni au msiba, humpeleka kwa mhudumu huyo, ambaye huanza kwa kumuuliza ni jambo gani lenye maana maishani mwake, kisha humtafutia kikundi, darasa au ushauri na kumfuatilia hadi azoee. Ni kweli kwamba waliopitia tafiti za huduma hiyo wamelalamika kwamba nyingi ni ndogo na hazina kundi la kulinganisha. Hata hivyo, muda wa kazi hiyo umetengwa na hulipwa.

Kwetu, simu ya mhamasishaji ina nafasi ya chanjo, ya mimba, ya presha na ya rufaa ya zahanati. Saa alizotumia kumpeleka shangazi dakani hazikuingia popote, na kwa msimamizi wake mchana ule huenda ukaonekana kama alikuwa amelala. (Haya nayasema mimi, yeye hajalalamika.) Pia hana orodha ya vikundi vya mji, hivyo hutegemea anaowafahamu, na aliposafiri kwa msiba hakuna aliyeshika nafasi yake. Zahanati moja tuliyopelekwa kwa karatasi yake ya rufaa iliipokea, ikaiweka kando na kuanza maswali upya, na hakuna aliyempa mhudumu majibu ya yaliyotokea.

Kwa vijana wanaohangaika na unga, yaani dawa za kulevya, huduma hii sioni kama inatosha. Hao wanahitaji tiba ya waraibu na wataalamu, na mhamasishaji mwenye kaya 100 hawezi kubebeshwa mzigo huo. Kwa wazee, wajane, wazazi wapya na wanaouguza mgonjwa nyumbani, ninaipendekeza bila kusita.

Anayetaka kuhudumiwa aende kituo cha afya cha umma kilicho karibu naye aulize ni mhamasishaji yupi aliyepangiwa mtaa wake, kwa maana nyumba zenye milango iliyofungwa mchana kutwa hurukwa kwa urahisi. Akija, asiambiwe habari za presha pekee. Aambiwe pia mgonjwa anapenda nini, nani humtembelea na ngazi zikoje. Na mwenye kikundi cha kusuka, cha kisomo au cha kuchangishana amtafute amjulishe siku na saa za kukutana, kwani kwa sasa orodha yake pekee ni ile iliyo kichwani mwake.