Niliuziwa mlima, nikapewa ukungu: mimi na wakala wangu wa safari ya Bergen

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi someni hivyohivyo.

Mwaka jana, majani yakipukutika huku Norwe, mdogo wangu alikuja kunitembelea Oslo. Tukaamua twende mji wa Bergen. Kazi zangu hazinipi nafasi ya kuhangaika na mipango, nikamwachia wakala mmoja wa safari kila kitu: treni, hoteli, mlima, boti. Jina lake silitaji. Treni sina neno. Reli ile inapita Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, na mdogo wangu alipiga picha mpaka simu ikazima. Hoteli safi, chai ya asubuhi ya kushiba.

Sasa njooni kwenye mlima. Bergen imezungukwa na milima, wenyewe wanaihesabu saba, na hiyo ndiyo inayowaletea mvua. Upepo unatoka Atlantiki umebeba unyevu, ukifika kwenye milima unapanda, unapoa, unawamwagia maji. Kwa mwaka zinapita milimita 2,000. Mwishoni mwa Oktoba 2006 ilianza kunyesha, na hadi Januari zilikuwa zimetimia siku 85 mfululizo za mvua. Anayeuza safari za Bergen anayajua haya kuliko mimi. Pamoja na hayo akatupangia kupanda mlima Ulriken, mita 643, kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya, asubuhi moja tu, saa imeandikwa, tiketi haibadilishwi.

Asubuhi hiyo mlima wenyewe haukuonekana, na upepo ulikuwa wa kung'oa bati. Kile kigari cha kwenye waya kikasimamishwa. Hapo silaumu mtu, nani apande kisanduku kinachoning'inia kwenye upepo ule? Nikampigia wakala, kwa adabu zangu zote, nikiomba atuhamishie kesho yake kwa sababu utabiri ulionyesha kutakucha kweupe. Dada aliyepokea akacheka. Akanipa ule msemo wao, kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Kisha akaongeza kwamba anaelewa, sisi wa nchi za jua mvua hutushtua.

Mimi! Mzaliwa wa Tukuyu! Kwetu nguo za shule zinakaukia jikoni juu ya moshi, na hakuna mtoto aliyewahi kubaki nyumbani eti kunanyesha. Halafu nguo zinahusiana nini na kigari kilichozimwa? Hata ningevaa turubai, waya ungetembea? Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema nitume barua pepe, akakata.

Kesho yake jua likawaka. Tukatembea kwa miguu hadi karibu na soko la samaki, tukakata tiketi za Fløibanen palepale dirishani, treni ndogo inayovutwa kwa kebo tangu 1918, na baada ya dakika chache tuko Fløyen, mita 320. Mji wote chini yetu, bandari, visiwa, zile nyumba za mbao za Bryggen zimejipanga. Mdogo wangu akauliza, "Dada, huu ndio mlima tuliolipia?" Nikamwambia huu nimelipia leo.

Nisimdhulumu lakini. Boti ya kwenye fyodi, zile ghuba nyembamba zinazoingia katikati ya milima, aliichagua vizuri sana. Na mvua ileile iliyonikera ndiyo iliyokuwa imejaza maporomoko pande zote mbili, maji yanashuka kwenye mwamba mpaka unasahau baridi. Kwa boti ile nilitaka kumpa nyota tatu. Nikikumbuka kile kicheko, mbili. Hapana, moja, na hiyo moja ni ya nahodha.

Unayepanga kwenda, tafuta mwezi wa Mei, mara nyingi mvua hupungua. Lipia mapema treni na kitanda, basi. Mlima usiupangie siku: amka, fungua Yr, ule utabiri wa hali ya hewa wa Norwe, tazama kamera za kule juu, ukiona kweupe nenda. Mwamvuli acha nyumbani, mapipa ya taka ya mjini yamejaa iliyovunjika. Chukua koti la mvua lenye kofia. Ukifika kwa ndege, kuna tramu ya Bybanen kutoka uwanjani hadi katikati ya mji, teksi ya nini?

Barua pepe niliituma. Jibu lilikuwa fomu ya kuomba maoni yangu kuhusu huduma yao. Nimeijaza kwa Kiswahili, ukurasa mzima, wakatafute wa kuwasomea.