Spitzer au Webb: data zipi za kuchunguza nyota changa?

Mjadala huu hauishi kati ya wapenda nyota wa Mbeya na Iringa: anayetaka kuchunguza nyota zinazozaliwa ndani ya mawingu madogo meusi ashike data za darubini ipi, Spitzer au Webb, zote mbili zikiwa darubini za angani za mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho)?

Gharama kwanza, maana ndipo wengi wanapokwama. Zote hupakuliwa bure. Kinacholiwa ni bando. Mafaili ya Webb ni mazito, ya Spitzer yanabebeka hata kwenye laptop ya kawaida.

Kwa kuona kwa undani, Webb haina mpinzani. Kioo chake ni mita 6.5, cha Spitzer sentimita 85 tu. Tazama picha yake ya mwaka 2022 ya L1527, wingu lenye nyota inayozaliwa: mwanga unapanuka juu na chini kutoka shingo nyembamba, na shingoni pana mstari mweusi. Ule mstari ni diski ya gesi na vumbi inayoilisha nyota. Inasisimua kweli.

Lakini Spitzer isidharauliwe. Webb huishia kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikroni 28 hivi (mikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita). Spitzer ilifika 70 na 160, japo kwa ukungu, na huko ndiko vumbi baridi hung'aa. Mwaka 2004 ilifichua kitu kinachong'aa ndani ya L1014, wingu lililodhaniwa tupu.

Spitzer ilizimwa Januari 2020, hivyo data zake zimetulia. Za Webb huchakatwa upya mara kwa mara, nawe utapakua tena.

Mwenye bando la wiki aanze na Spitzer. Mwenye intaneti ya chuo anayefuatilia diski, achukue Webb. Anayesaka nyota zilizozama kabisa vumbini atazihitaji zote mbili.