Soko la Jumatano la Fatih, Istanbul: nilipojifunzia Kituruki

Kila mgeni kutoka kwetu anayeniuliza aanzie wapi maisha ya Istanbul, humwelekeza Çarşamba Pazarı, soko linalofanyika kila Jumatano katika mitaa inayouzunguka Msikiti wa Fatih. Siku hiyo magari hayapiti. Mitaa hufunikwa maturubai, na chini yake hupangwa mboga, matunda, jibini, zeituni, nguo, vyombo na mapazia. Nimekuwa nikienda kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ndilo lililonifungua kinywa, baada ya kozi niliyoilipia ada kunijaza majedwali ya sarufi bila kunipa ujasiri wa kuagiza hata kilo ya nyanya.

Anayejua Kiswahili haingii humo mikono mitupu. Limau ni limon, sabuni ni sabun, duka ni dükkân, hesabu ni hesap, na karafuu ni karanfil. Siku moja niliona kwenye meza ya viungo bamia zilizokaushwa, ndogo kuliko ncha ya kidole cha mtoto, zimetungwa kwenye uzi kama shanga. Nikasema “bamia” kwa lafudhi ya nyumbani, na mama muuzaji akanielewa papo hapo, kwa kuwa kwao ni bamya. Kwa ishara nyingi na maneno machache alinifundisha kuzichemsha kwa maji yenye limau zikiwa bado kwenye uzi wake.

Panapotaka jitihada ni kwenye viambishi. Sisi husema “sokoni”, iwe tunakwenda, tupo au tunatoka. Waturuki hutenganisha: pazara, pazarda, pazardan. Irabu nazo hufuatana, ndiyo maana “sokoni” ni pazarda lakini “nyumbani” ni evde, kama vile sisi tunavyosema “pikia” lakini “somea”. Darasani sikuwahi kuonyeshwa ulinganifu huo. Niliugundua kwenye foleni ya mchicha wao, ıspanak, kwa kuwasikiliza akina mama wakiulizana wanatoka wapi na wanaelekea wapi.

Kilichonigusa zaidi ni adabu ya mahali hapo. Unapomkaribia mtu aliye kazini unamwambia kolay gelsin, yaani kazi yake iwe nyepesi, na mimi husikia ndani yake “pole na kazi” yetu. Muuzaji akipokea pesa huitikia bereket versin, akiomba baraka. Mwanamke wa makamo huitwa teyze, mama mdogo, na kijana humwita dada aliyemzidi umri abla. Aliyelelewa kwa shikamoo hapati taabu kuzoea.

Soko lina kasoro zake. Baadhi ya wauzaji hawaruhusu mteja achague mwenyewe, na wapo wanaopanga nyanya nzuri mbele huku wakijaza mfuko kwa zile za nyuma. Nimewahi kufika nyumbani nikakuta nusu ya kilo mbili imelainika. Tafuteni meza yenye kibao kilichoandikwa seçmece, maana yake ni kwamba kuchagua kunaruhusiwa. Adhuhuri msongamano huwa mkubwa mno, na sishauri kwenda na mtoto mchanga saa hizo. Unga wa mahindi upo, huitwa mısır unu, lakini aghalabu ni wa njano, na ugali wake hautafanana na wa sembe.

Kufika ni rahisi: shukeni kituo cha metro cha Vezneciler, kisha mtembee kwa miguu kuelekea msikitini. Asubuhi bidhaa huwa bora. Jioni bei hushuka, na wenyewe huita saa hizo akşam pazarı. Mimi huenda asubuhi, kwa kuwa wauzaji huwa bado na nafasi ya kuzungumza. Jumatano iliyopita yule mama wa bamia aliniuliza nilikuwa wapi wiki iliyotangulia, nikamjibu Ankara'daydım, nilikuwa Ankara, na kiambishi kilikaa mahali pake kabla sijakifikiria.