Sensa ya mwanga kwenye Linux, nimeitumia Mbeya na maoni yangu ni haya

Wadau mnaonunua laptopu za mtumba Mwanjelwa, angalieni vizuri, baadhi zina sensa ya mwanga (kifaa kidogo kinachopima mwanga uliopo) pale karibu na kamera na mwenye mali hana habari. Mimi naitumia kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux na kiukweli jinsi watengenezaji wake walivyoiweka nimeipenda sana, ingawa kuna sehemu inanikera.

Unaingia /sys/bus/iio/devices, unakuta folda kama iio:device0, ndani kuna faili la in_illuminance_raw na jingine in_illuminance_scale, unalisoma la kwanza kwa amri ya cat kama unavyosoma maandishi yoyote, unazidisha na la pili, umepata lux, yaani kipimo cha mwangaza (ukikuta na in_illuminance_offset ijumlishe kwanza kwenye raw ndio uzidishe). Basi. Huhitaji kushusha chochote, bando lako liko palepale. Kuna watu wanalalamika kwa nini hesabu tunaachiwa sisi, ila kerneli, kile kiini cha Linux, inakwepa hesabu za desimali kwa makusudi, kwa hiyo mimi naona ni sawa, amri ya awk inamaliza.

Na msidhani ilianza hivi. Zamani kila draiva (programu inayoendesha kifaa) ilikuwa na jina lake la faili, ya sensa ya isl29003 faili lake linaitwa lux tu, ya apds9802als linaitwa lux0_input, yaani ukibadilisha mashine skripti yako (faili la amri ulizoandika) inakufa. Jonathan Cameron, mmoja wa waandishi wa kerneli, alitaka sensa za mwanga ziwe na mfumo wao peke yao, ALS, mwaka 2010 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaukataa, hakuona sababu ya kujenga mfumo mzima kwa ajili ya kitu hicho kimoja. Mwisho zikaingia IIO, mfumo wa kerneli wa sensa za aina nyingi, pamoja na sensa nyingine na majina yakawa mamoja. Kwangu hapo ndipo penye thamani yote, kwamba illuminance popote utakapoikuta ni lux, na lile faili la in_intensity halina kipimo maalum, usizichanganye.

Kinachonikera sasa. Draiva nyingine zinakupa in_illuminance_input, hiyo ni lux tayari, nyingine raw tu, kwa hiyo skripti lazima iulize kwanza kipi kipo. Halafu namba ya device0 haina uhakika, ukiwasha upya inaweza kuwa device1, kwa hiyo tafuta kwa faili la name lililo ndani ya folda, usiandike namba moja kwa moja. Hili wangelisema kwa herufi kubwa aisee.

Kwa hali ya hewa yetu ndio utaona faida, asubuhi ukungu umefunika mlima Loleza huoni kitu, baadaye jua linapiga mpaka lux 100,000, ukiingia ofisini ni 300 au 500 hivi. Sasa ukipanga brightness (mwangaza wa kioo) ya /sys/class/backlight kwa uwiano wa moja kwa moja na lux, ukiwa ofisini kioo kitakuwa giza siku nzima, maana jicho linaona tofauti ya 100 na 200 ila 50,000 na 50,100 halioni kitu. Tumia logarithimu ya lux, na usipite max_brightness, faili linaloonyesha kikomo. Kuandika pale kunataka ruhusa ya root (msimamizi wa mashine), weka kanuni ya udev, programu inayosimamia vifaa, ili upewe ruhusa.

Nyota nne kati ya tano. Asiyetaka skripti aweke programu ya iio-sensor-proxy, GNOME (mazingira ya eneo-kazi la Linux) inaichukua yenyewe.