Uzoefu wangu na dawa ya metalaksili na mankozebu kwenye nyanya za masika

Ninalima nyanya Ilula, mkoani Iringa, na dawa hii ya unga ya kuzuia ugonjwa wa bakajani, yenye viambato viwili, metalaksili na mankozebu, nimeitumia misimu miwili ya masika mfululizo. Msimu wa kwanza niliilaumu bure, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Nilipoona madoa nilidhani ni bakajani tangulia, ambayo huanzia kwenye majani makuukuu ya chini na doa lake huwa na duara ndani ya duara, kama zile zinazoonekana kwenye gogo lililokatwa. Nikachuma majani yale, nikatulia. Kumbe ilikuwa bakajani chelewa. Doa lake halina duara. Jani huonekana kana kwamba limemwagiwa maji ya moto, kisha hugeuka kahawia. Siku ya nne niliingia shambani alfajiri, umande ukiwa haujakauka, nikageuza jani na kukuta upande wa chini, pembeni mwa doa, utando mweupe mwembamba kama vumbi la sembe. Jua lilipopanda, utando ule haukuonekana tena. Nilikimbilia dawa, lakini mashina yalikwisha kuwa meusi na matunda yana mabaka magumu ya kahawia, na hakuna dawa inayofufua sehemu iliyokwisha kufa.

Msimu uliofuata nilianza kupiga kabla ya kuona doa lolote. Nilitumia mankozebu peke yake kila baada ya siku 7, na huu mchanganyiko niliuweka akiba kwa zile siku ambazo mvua na baridi haviachii, gramu 50 kwa lita 20 za maji kama kibandiko kilivyoelekeza, nikihakikisha bomba linafika chini ya majani. Sikuupiga zaidi ya mara tatu, kwa kuwa vimelea huizoea metalaksili inapotumiwa mfululizo. Vilevile nilisimika miti, nikaondoa majani yanayogusa udongo, miche iliyougua nikaifukia mbali, na nikalikwepa shamba lililopakana na viazi mviringo, maana ugonjwa ni uleule. Siwezi kusema dawa pekee ndiyo iliyookoa shamba, ila safari hii nilivuna hadi mwisho.

Nina malalamiko mawili. Maandishi ya kibandiko ni madogo mno, ilhali ndipo palipoandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, jambo linalogusa afya ya mlaji. Pia pakiti ya kilo moja ni kubwa kwa mkulima wa robo eka, na unga uliobaki uliingia unyevu ukaganda mabonge.

Nitainunua tena, katika pakiti ndogo, na nitaipeleka nyumbani kabla mvua haijaanza. Mistari miwili iliyo bondeni, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, iliugua hata hivyo. Mwakani pale nitapanda maharage.