form_hidden ya CodeIgniter 4: tamu, ila inameza namba zako

Haya wadau, karibuni. Leo tuna form_hidden, fanksheni ya CodeIgniter 4, ile freymuwork ya PHP ya kutengenezea tovuti; inakutengenezea sehemu zilizofichwa kwenye fomu. Kuinstall tunaruka, hayo mnayajua. Andika helper('form') kwenye kontrola, twende.

Kazi nyepesi inaiweza. form_hidden('oda', '58'), input ya hidden hiyo hapo, na alama za nukuu zikiwemo kwenye thamani HTML haivunjiki. id haikupi, JavaScript yako ikiihitaji, tumia form_input yenye type ya hidden.

Sasa kinachoniudhi. Msiondoke! Tuna kikapu: bidhaa namba 17 vipande 2, namba 42 kipande 1. Naandika form_hidden('idadi', [17 => '2', 42 => '1']). Narefreshi, nafungua sosi ya ukurasa. Mmeona? name="idadi[]", thamani 2. Chini yake name="idadi[]" tena, thamani 1. 17 iko wapi? 42 je? Zimemezwa! Chanzo ni mstari mmoja tu ndani ya fanksheni: ufunguo, yaani ile 17 au 42 iliyo kushoto, ukiwa namba kamili, mabano yanaachwa matupu. Fomu ikitumwa, PHP inahesabu upya, 0 na 1, na oda inaingia kwa bidhaa ambazo hakuna aliyeziagiza. Eror hakuna, onyo hakuna. Na ujanja wa kuweka '17' kwenye nukuu hausaidii, PHP yenyewe inaigeuza kuwa namba.

Dawa ni foreach, kupitia bidhaa moja moja, jina ukiliandika zima: form_hidden('idadi[17]', '2'). Au anza ufunguo na herufi, 'b17', halafu ukate hiyo b ukishapokea. Mimi nachukua ya kwanza, haina mabaki ya kusafisha.

Watu wa Laravel, ile freymuwork nyingine ya PHP, najua mnacheka. Chekeni, ila nyie @csrf, ile tokeni ya kuzuia fomu za kughushi kutoka tovuti nyingine, mnaiandika kwa mkono kila fomu. Huku ukiwasha filta ya csrf, form_open inaiweka yenyewe. Na bei ni bure, leseni ya MIT, kwa hiyo hasira zangu zina mipaka.

Ila wale wanaoficha bei ya bidhaa kwenye sehemu hizi za hidden: tazama. F12 kufungua zana za developa za brauza, bofya mara mbili kwenye 45000, andika 45, tuma. Imepita. Bei isomwe kwenye hifadhidata, fomu ilete namba ya bidhaa tu. Video ijayo ni form_dropdown, wekeni maswali hapo chini.